Je, Malindi kumejaa, au milango ndiyo iliyofungwa?

Mwanzoni mwa mwaka, nikiwa ndani ya matatu itokayo Thika kwenda Ruiru, niliwasikia abiria wawili wakizungumza juu ya likizo ya Krismasi. Mmoja wao, mama wa makamo aliyekuwa amekwenda Malindi pamoja na chama chake cha akina mama, alikuwa akimwambia mwenzake kwamba huko harudi tena. "Kumejaa, dada yangu. Hata pa kutandika leso hupati." Mwenzake akauliza iwapo ni Waitaliano waliopajaza. "Waitaliano gani?" akajibu yule mama. "Ni sisi wenyewe. Kila niliyemsalimia ametoka Ruiru." Gari zima likaangua kicheko, na utingo akaongeza lake ambalo halifai kuandikwa gazetini.

Nilicheka pia, lakini baadaye nikajiuliza kama jambo lile lilikuwa la kuchekesha. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi 490,120, ukawa wa nne kwa ukubwa katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika ilikuwa na wakazi 251,407. Malindi ilikuwa na watu wapatao 120,000 tu. Hivyo basi, mtu anatoka katika mji unaozidi Malindi mara nne kwa idadi ya watu, anapanda basi usiku kucha, kisha anarudi akilalamika kwamba huko alikokwenda kuna msongamano. Ama msongamano una maana nyingine isiyokuwa idadi ya watu, ama kuna kitu yule mama alikiona ambacho takwimu za sensa hazikioni. Nashikilia kwamba alikiona, ila alikipa jina lisilokuwa lake.

Swali lenyewe si geni duniani. Huko Italia kwenyewe, mji wa Venice ulianza tarehe 25 Aprili 2024 kuwatoza yuro 5 wageni wanaokuja na kurudi siku hiyo hiyo katika siku za msongamano mkubwa. Mwaka 2023, kijiji cha bahari cha Portofino kilitenga sehemu ambazo watalii hawaruhusiwi kusimama kujipiga picha nyakati za mchana wa kiangazi, kwa kuwa wenyeji walishindwa kupita. Kwa hiyo, watu wanapouliza kama Malindi, mji ambao kwa miaka mingi umeitwa Italia Ndogo, nao umefikia hali hiyo, hawaulizi upuzi.

Inafaa tukumbuke jinsi Italia hiyo ndogo ilivyozaliwa, kwa sababu haikuanza na hoteli. Katika miaka ya 1960, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walijenga kituo cha kurushia vyombo vya angani katika bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Chombo cha San Marco 2 kilirushwa kutoka huko mwezi wa Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, iliruka kutoka jukwaa hilo hilo. Mainjinia na mafundi waliokuja kwa kazi hiyo waliuona ufuo, wakawaandikia jamaa zao. Baada ya mainjinia wakaja wenye hoteli, baada ya wenye hoteli wakaja wastaafu walionunua viwanja, na mwishowe vijana wa Malindi wakajifunza Kiitaliano pasipo kuingia darasani. Mimi ni mwalimu wa isimu, na ninakiri kwamba sijawahi kuona chuo kilichofundisha lugha ya kigeni kwa kasi na ustadi wa ufuo ule. Kijana anayeuza vinyago humtambua mgeni kwa viatu vyake, akamsalimu kwa lugha inayomstahili kabla huyo mgeni hajafungua kinywa.

Lakini Italia hiyo imepungua nguvu, na hili lazima lisemwe waziwazi. Ghasia za Likoni mwaka 1997, shambulizi la Kikambala la Novemba 2002, machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, onyo la Uingereza la Mei 2014 lililowafanya watalii wake wasafirishwe kurudi kwao kabla ya siku zao kwisha, na hatimaye maradhi ya korona mwaka 2020: kila tukio liliondoa wageni wa ng'ambo, na si wote waliorudi. Pengo hilo likajazwa na Mkenya. Reli mpya ya kwenda Mombasa ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na hata baada ya nauli ya daraja la chini kupandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, tiketi za Desemba hununuliwa kama maji jangwani. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, ilikuwa imekwisha kuwaleta Ruiru na Juja maelfu ya wafanyakazi wenye mshahara wa kila mwezi, wenye vyama vya kuweka akiba, na wenye hamu ya kuwaonyesha watoto wao bahari. Yule mama wa matatu alikuwa mmoja wao, naye, kwa hesabu yoyote ya haki, ndiye aliyeziweka hoteli nyingi za Pwani hai wakati Waitaliano hawapo.

Sasa na tulitazame lile neno alilolitumia. Katika Kiswahili cha Pwani, kujaa kuna mwenzake, nako ni kupwa. Maji hujaa na maji hupwa. Hakuna mvuvi atakayesema bahari imejaa akanyamaza, bila kujua moyoni itakupwa saa ngapi. Malindi nayo ndivyo ilivyo. Hujaa Desemba, Pasaka na Agosti. Ukifika huko mwezi wa Mei, mvua za masika zikinyesha, utakuta hoteli zimefunga milango, wapishi na wahudumu wametumwa nyumbani bila malipo hadi msimu mwingine, na wachuuzi wa ufuoni wamekaa wakitazamana. Mji unaowaachisha watu wake kazi kwa miezi kadhaa kila mwaka kwa kukosa wageni hauwezi kuitwa mji uliojaa. Ni mji uliopangiwa vibaya majira yake, na kalenda ya shule inayotufungua sote kwa wakati mmoja ina sehemu yake katika lawama hiyo.

Hata hivyo, leso ya yule mama haikupata pa kutandikwa. Kwa nini?

Jibu limo katika neno pwani lenyewe. Neno hili limetokana na kitenzi hicho hicho cha kupwa, pamoja na kiambishi cha mahali. Pwani, kwa asili yake, ni pale palipokupwa maji: ukanda ule ambao bahari huufunika na kuufunua kila siku. Waliotunga neno hilo hawakuwa wanasheria, lakini Katiba ya mwaka 2010 imekuja kuafikiana nao. Kifungu cha 62 kinahesabu kuwa ardhi ya umma ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Serikali ya kitaifa inaishikilia kwa amana ya wananchi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Kwa lugha nyepesi, pwani, kwa maana yake halisi, ni mali ya yule mama sawa na ilivyo mali ya mwenye jumba la ghorofa tatu linaloitazama. Hakuna hati ya kiwanja inayoweza kumnyima.

Tatizo ni kwamba ili ufike pwani huna budi kupita juu ya nchi kavu, na nchi kavu imegawanywa. Ufuo mrefu wenye njia chache za umma huwarundika watu wote mahali ambapo njia hizo zinatokea. Nilipata kukaa Malindi kwa majuma kadhaa nikikusanya msamiati wa wavuvi, na asubuhi moja nilifuatana na mzee aliyekuwa akienda kuitazama ngalawa yake. Tulishika kichochoro alichokitumia tangu utotoni, tukakuta kinakomea kwenye lango la chuma. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alituambia kwamba hapo sasa ni kwa mtu. Tukazunguka, tukatembea karibu nusu saa hadi tukaipata njia nyingine, na kumbe njia hiyo ndiyo iliyokuwa ikitumiwa na basi la wanafunzi, wachuuzi wa madafu, wapanda ngamia na jamaa wawili waliobeba jarife lao kichwani. Wote tukapenya humo mfano wa uzi katika tundu la sindano. Hatua mia tatu kutoka hapo, mbele ya lile lango la chuma, mchanga ulikuwa mweupe na mtupu, umetapakaa kaa tu.

Bamvua ikiingia, hali huwa mbaya zaidi. Hapo maji hupanda hadi chini ya kuta zilizosogezwa mno mbele, na mtu aliyekuwa akitembea ufuoni hujikuta amebanwa baina ya bahari na saruji. Huu ndio ule msongamano. Watu hawakuongezeka kupita kiasi. Nafasi ndiyo iliyopunguzwa. Na kitu cha kushangaza ni kuwa Waitaliano wangeweza kutueleza jambo hili vyema kuliko sisi, kwa maana kwao pia sheria inampa kila mtu haki ya kuufikia ukingo wa maji, ilhali sehemu kubwa ya fuo zao imekodishwa kwa wenye miavuli na viti, na ugomvi juu ya ukodishaji huo umewashughulisha mahakamani na katika Umoja wa Ulaya kwa miaka mingi.

Wapo wanaopendekeza kwamba dawa ni kupandisha bei, ili waje wageni wachache wenye pesa nyingi. Pendekezo hili huvutia sana katika kumbi za mikutano. Mimi naliona kuwa ni njia ya adabu ya kumwambia yule mama abaki Ruiru. Venice inatoza ada kwa sababu ni visiwa vidogo visivyoweza kuongezeka. Malindi na Watamu zina ufuo wa kilomita nyingi ambao mwananchi haufikii. Kufungua njia kumi zilizozibwa hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kunahitaji ramani za zamani za mipango ya mji, maafisa wa ardhi wasioogopa wakubwa, na serikali ya kaunti ya Kilifi kuziweka wazi ramani hizo ili kila mtu ajue kichochoro kipi ni cha umma.

Lakini kabla hatujawanyooshea vidole watu wa Kilifi, sisi wa huku juu tunapaswa kujitazama. Yule mama hakulalamikia umati tu. Alisema pia kwamba maji ya Malindi yalikuwa mekundu. Alikuwa na haki, na huenda hakujua anamlaumu nani. Mto Ruiru hatimaye huingia katika mto Athi. Athi hupita kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, mahali ambapo watu wa Thika hupeleka wageni wao Jumapili, ukaendelea kuteremka, ukibadilika jina kuwa Galana na kisha Sabaki, hadi uingie baharini kaskazini tu ya mji wa Malindi. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya kuchunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka ipatayo 300, ambalo katika tabaka zake lilikuwa limehifadhi kumbukumbu ya udongo ulioletwa na mto huo. Walikuta kwamba udongo ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, wakati nyanda za juu zilipoanza kulimwa kwa nguvu chini ya ukoloni. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968 ili kuyalinda matumbawe. Mto haukusomewa tangazo hilo.

Na sasa zaidi ya udongo tunateremsha mengine. Mashamba ya kahawa yaliyoupa mji wetu jina duniani, hata aina ya kahawa ikaitwa Ruiru 11, yanang'olewa yakipandwa nyumba za kupangisha zenye ghorofa sita, nyingi zikitegemea lori la kunyonya maji taka. Kila anayeishi hapa amewahi kuona, au kunusa, kilichotokea pale lori hilo lilipochelewa na mvua ikawahi. Watu wa Thika nao wasidhani wameokoka kwa kuwa mito yao ya Chania na Thika huelekea Tana. Tana nao humwaga maji yake katika bahari hiyo hiyo, mbele kidogo huko Kipini. Isitoshe, Malindi hunywa maji ya visima vya Baricho, vilivyochimbwa kando ya Sabaki. Hivyo sisi huwafikia watu wa Malindi mara mbili: Desemba kwa basi, na mwaka mzima kwa mto.

Nilishuka Ruiru pamoja na yule mama. Nilitaka kumwambia kwamba pwani ile ni yake kwa mujibu wa Katiba, lakini alikuwa na haraka na mzigo mkubwa, nasi tulikuwa tunavuka mtaro wa maji machafu kwa ubao mmoja, abiria kumi na wanne, kila mtu akingoja zamu yake.