Sala Mlangoni, Mizinga Ndani

Msafiri wa basi kati ya Dodoma na Iringa anaijua Mtera kwa samaki. Gari likipunguza mwendo karibu na bwawa, akina mama na vijana hulizunguka na sinia za perege waliokaangwa, na biashara hufanyika kupitia madirishani. Mama mmoja katika wauzaji hao alirudi nyumbani jioni, ndoo tupu mkononi, akasikia kwaya ikiimba chumbani kwa mwanawe.

Haikuwa redio. Zilikuwa sauti nyingi, ngoma zikitembea chini yake, na maneno anayoyajua tangu utoto: Sala ya Bwana, kwa Kiswahili. Aliitua ndoo taratibu asije akaikatiza.

Alikuwa na sababu ya kufurahi. Kijana wake ana miaka 15, na tangu sauti yake ianze kubadilika ameacha kwaya ya kanisani. Kila Jumamosi kulikuwa na sababu mpya: leo kichwa kinauma, kesho ana kazi ya shule, keshokutwa wenzake wanamcheka. Mama alishachoka kugombana naye. Na sasa, bila kusukumwa na mtu, kijana amekaa peke yake na sala.

Akasukuma mlango. Kwenye kioo cha kompyuta mpakato, aliyoletewa kijana na mjomba wake anayefanya kazi Dodoma mjini, dunia ilikuwa ikizunguka polepole gizani. Kijana akabonyeza, kwaya ikanyamaza. Punde mji mmoja wa watu fulani ukawa unapigwa kwa manati. Ulipoanguka, kompyuta ikamuuliza mshindi: aubakize au auteketeze? Akauteketeza.

"Baba Yetu ndiyo ya kufungulia haya?" mama akauliza.

"Mama, huo ni muziki wa mwanzo tu. Hata hausikilizwi."

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma zaidi.

Usiku huo simu ilipigwa Dodoma. Mjomba, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akajitetea. "Dada, huo si mchezo mbaya. Nimeucheza mwenyewe nikiwa chuoni. Mtoto anajifunza historia." Dada yake akamjibu kwamba historia anayoijua yeye haianzi kwa sala na kuishia kwa kuchoma mji. Kompyuta ikalala kabatini wiki mbili, na kijana akala chakula chake kimyakimya wiki mbili hizo hizo.

Mzazi anayesoma habari hii akidhani ni kisa cha nyumba moja, ajue kwamba wimbo ule ni maarufu duniani. Unaitwa "Baba Yetu". Ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa kompyuta Civilization IV, uliotoka mwaka 2005. Tin alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, na mbunifu mkuu wa mchezo huo, Soren Johnson, alikuwa mwenzake wa chumba huko chuoni. Waimbaji wa awali walikuwa kundi la wanafunzi wa chuo hicho hicho, Talisman. Baadaye Tin aliuingiza kwenye albamu yake ya mwaka 2009, Calling All Dawns, safari hii ukiimbwa na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini. Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy, na kuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kuifikia tuzo hiyo. Yaani lugha iliyobeba heshima hiyo kwa mara ya kwanza ni hii hii ya sokoni Mtera. Matamshi yake si ya Mpwapwa, lakini maneno yanasikika.

Mchezo wenyewe humpa mchezaji taifa changa tangu miaka 4000 kabla ya Kristo, akalikuza mpaka zama za maroketi. Anajenga miji, analima, anagundua maandishi, anafanya biashara na majirani. Anaweza hata kuanzisha dini na kutuma wamisionari. Anaweza pia kupigana, kuanzia marungu hadi makombora ya nyuklia. Mjomba hakudanganya: kuna njia za kushinda bila vita, kwa mfano kwa utamaduni au kwa kurusha chombo cha anga. Dada yake naye hakudanganya. Kijana alikuwa amechagua kuchoma.

Inafaa kutulia hapa kidogo, maana ugomvi wa ndugu hawa wawili si wa nani ana haki. Kwa mchezaji wa Chicago asiyejua Kiswahili, wimbo ule hauombi mkate wa kila siku wala msamaha. Kwake ni sauti kubwa za Kiafrika, zinazomfanya ajisikie yuko mwanzo wa safari ya binadamu, huku dunia ikizunguka mbele yake. Muziki na picha vinakubaliana kabisa. Mgongano unazaliwa pale wimbo unapoingia nyumba inayoelewa maneno. Mama wa Mtera anasikia jambo ambalo mamilioni ya waliocheza mchezo huo hawakulisikia kamwe, na hawezi kuambiwa kwamba anasikia vibaya.

Michezo mingine hugonganisha muziki na picha kwa makusudi. Fallout 3, ya mwaka 2008, inamtembeza mchezaji kwenye magofu ya Washington baada ya vita vya nyuklia, huku redio ikimpigia nyimbo tamu za mapenzi za miaka ya 1940, mmoja wao ukiwa wa kundi la Ink Spots, wa mpenzi anayesema hana haja ya kuwasha dunia moto. Dunia imeshaungua, wimbo unabembeleza. Mtu mzima hucheka kwa uchungu. Mtoto wa miaka kumi hana uchungu huo, kwa hiyo kwake wimbo ni mzuri na magofu ni ya kawaida. Mara nyingine mgongano hauna dhambi yoyote: Tetris, mchezo wa kupanga matofali uliobuniwa Moscow mwaka 1984, ulienea kwenye Game Boy ya mwaka 1989 ukiwa na wimbo wa kale wa Kirusi kuhusu mchuuzi wa vitambaa na msichana. Wachuuzi wa Mtera wangeupenda.

Linalowahusu wazazi hasa ni kwamba nyumba nyingi za kwetu mtoto hulelewa kwa masikio. Mama yuko jikoni, baba yuko nje anatengeneza nyavu au pikipiki, na mtoto yuko chumbani. Hawamwoni, wanamsikia. Kimya kirefu humwinua mama kwenye kigoda. Kilio humwinua haraka zaidi. Milio ya bunduki kwenye simu nayo siku hizi inatambulika, na wapo wanaopiga kelele kutoka jikoni, "Zima hiyo vita yako!" Lakini muziki mtamu haumwinui mtu. Kwaya, kengele, kinanda cha kuchekesha: masikio yanasema mtoto yuko salama, na mama anaendelea kukoroga ugali.

Ndiyo maana miziki ya kuchekesha inastahili kutazamwa kuliko ile ya kutisha. Mfano ulio karibu hauko hata kwenye kompyuta. Mashine za kamari zinazoitwa bonanza, wengine huziita dubwi, zipo vibandani mitaani, na muziki wake ni wa kitoto kabisa: taa zinacheza, sauti zinaruka, sarafu zinalia. Mtu akipita bila kutazama angedhani ni bembea ya watoto. Kisheria kamari ni ya watu wa miaka 18 na kuendelea, lakini sauti ile haimfukuzi mtoto, inamwita. Na kwenye simu, michezo kadhaa ya peremende na matunda ina nyimbo nyepesi kama hizo hizo, huku kila baada ya muda mchezaji akiombwa anunue nafasi nyingine ya kuendelea.

Dawa ya kunyang'anya ni nyepesi na haifiki mbali, kwani mtoto ana rafiki, na rafiki ana simu. Iliyo nzito kidogo ni kukaa naye dakika 20 na kumwomba afunge sauti kabisa. Mchezo ukitazamwa bila muziki huonekana ulivyo: nani anafanya nini kwa nani, na kwa malipo gani. Baadaye sauti ifunguliwe, na mtoto aulizwe kwa nini anadhani wameweka wimbo ule pale. Watoto wana majibu, tena mengine makali. Namba za umri nazo zisipuuzwe. Kwenye duka la programu la simu huandikwa pale pale kwenye maelezo ya mchezo, 3+, 7+, 12+ na kuendelea hadi 18+. Ni kweli hazitoshi, kwa sababu hakuna namba inayoweza kujua kwamba wimbo wa mwanzo ni sala ya nyumba hii.

Huko Mtera, kompyuta ilitoka kabatini siku mjomba alipokuja kwa mazishi ya jirani. Jioni, watu walipopungua, aliiwasha mbele ya dada yake na kumwita kijana. Wakakaa watatu. Kijana ndiye aliyeanza, na inaonekana alikuwa ameyaandaa maneno yake wiki zote mbili.

"Mama, wewe unapiga muheme."

Ni kweli. Mama yule ni mmoja wa wapigaji wa ngoma hiyo ya wanawake wa Kigogo, na hupiga harusini na kanisani pia.

"Bibi alisema zamani ngoma zilikatazwa kanisani. Wakasema si mahali pake. Leo mnapiga mbele ya altare na hakuna anayeshangaa. Kwa nini wimbo wa kanisani usitoke kwenda kwenye mchezo?"

Mjomba akatazama ukuta. Lilikuwa swali zuri na hakutaka kuonekana amelifurahia.

Mama hakujibu upesi. Alipojibu, alisema ngoma ilipoingia kanisani, watu waliijua ni ngoma. Walibishana, wakakubaliana, ndipo ikapigwa. "Wewe umesema wimbo huu hausikilizwi. Ungeniambia unausikiliza, nisingekuwa na neno."

Kijana akanyamaza. Mjomba akabonyeza, dunia ikaanza kuzunguka, na safari hii hakuna aliyegusa kitu hadi wimbo ulipofika mwisho. Mama alisikiliza kama mpigaji asikilizavyo mpigaji mwenzake, kidole kikigonga paja. Alisema sauti za chini zimepangwa vizuri sana, ila wangepunguza haraka kwenye maneno, maana yanamezwa. Kisha akamwuliza mwanawe sauti yake sasa imefikia wapi. Kijana akasema hajui, haijatulia. Akaulizwa katika wimbo ule angeweza kuimba sehemu gani. Akaonyesha, kwa sauti ya chini sana, mstari mmoja wa besi, akakosea katikati, akaacha.

Hajarudi kwenye kwaya. Mwalimu wa kwaya ameombwa asimfuate nyumbani kwa sasa.

Mchezo unaendelea, kwa makubaliano ya saa moja Jumamosi na saa moja Jumapili, na mji wa kwanza wa taifa lake jipya kijana ameuita Mtera, ingawa umewekwa kando ya bahari na sio bwawa. Mama ameomba aelezwe kila mji unapotekwa: watu wake wamekwenda wapi? Kijana anasema mchezo hauonyeshi. Mama anauliza tena Jumamosi inayofuata.

Na kwaya ikisikika chumbani, haitui tena ndoo taratibu. Anajua ikikatika tu, vita vinaanza. Hapo humwita kwa jina, kwa sauti ya kumfikia hadi kwa majirani, aje kwanza amsaidie kutoa magamba ya samaki wa kesho.