Yakini Haiondolewi na Shaka

Katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, Njombe iliongoza mikoa yote kwa maambukizi ya Virusi vya Ukimwi: asilimia 12.7 ya watu wazima. Si ajabu, basi, kijana wa Kitandililo akikohoa kwa baridi tu ya huko, akaitazama simu usiku kucha akitafuta dalili, na zote akaziona mwilini mwake. Alikwisha pima Makambako, miezi 3 baada ya jambo alilolihofia, akaambiwa hana virusi, bado anatafuta.

Wanavyuoni waliujua wasiwasi kabla ya intaneti. Katika madhehebu ya Shafii, mwenye yakini ya udhu hatawadhi upya kwa kushuku tu. (Wapo wanaotawadha mara 5 hadi jamaa ikawapita!) Kipimo kilichofanywa kwa wakati wake ni yakini, dalili za simuni ni shaka, kwani homa na uchovu ni vya maradhi mengi.

Ama asiyepima, hana yakini ya kuishika. Huyo aende kituo cha afya. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure. Na ambaye hofu haimwachi hata baada ya majibu, amweleze daktari hofu hiyo yenyewe, maana nayo hutibiwa.