Tuijue Dunia: Yasinia, Mji Uliobadilishiwa Nchi



Mimi kazi yangu ni ukarani wa parokia. Siku za ubatizo naketi mezani na kile kitabu kikubwa, naandika jina la mtoto, baba yake, mama yake, msimamizi wake na kijiji chao. Jina la nchi sina haja ya kumwuliza mtu, kwa maana sote tunalijua. Juma hili nataka kuwapeleka katika mji mdogo wa Ulaya ambako jambo hilo halikuwa rahisi hata kidogo.

Mji huo huitwa Yasinia. Uko katika nchi ya Ukraine, upande wa magharibi kabisa, ndani ya milima ya Karpati. Mkoa wake ni Zakarpattia, maana yake "ng'ambo ya Karpati". Wakazi wa Yasinia hawafiki elfu kumi. Mji umelala bondeni, yapata mita 650 juu ya usawa wa bahari, na karibu nao husimama mlima Hoverla wenye mita 2,061, ulio mrefu kupita yote katika Ukraine. Katikati ya mji hupita mto unaoitwa Tysa Nyeusi. Huko chini, karibu na mji wa Rakhiv, hukutana na Tysa Nyeupe, na baada ya hapo ni Tysa tu. Maji yake huingia katika mto Danube, na Danube huyapeleka Bahari Nyeusi.

Wenyeji ni Wahutsuli, watu wa mlimani, wachungaji na wakata miti. Masika ya kwao yakifika, mnamo Mei, hupeleka kondoo katika malisho ya juu na kukaa huko mpaka Septemba, wakikamua maziwa na kutengeneza jibini. Wachungaji hao wana baragumu la mti liitwalo trembita, ambalo urefu wake hupata mita tatu. Hulipuliza kondoo wanapopanda mlimani, na pia hulipuliza kutangaza msiba, na sauti yake huvuka mabonde. Tena zamani wakata miti walifunga magogo kuwa vyelezo. Walizuia maji ya mto juu kwa boma la miti, kisha wakayafungulia ghafula, na vyelezo vikashuka na mafuriko hayo pamoja na watu juu yake. Ilikuwa kazi ya hatari, na wengi walizama.

Jina la Yasinia latokana na mti mmoja wa nchi za baridi, wenye mbao ngumu zifaazo kwa mipini ya majembe na mashoka. Wazee husimulia kwamba hapo kale mchungaji mmoja, Ivan Struk, alikuwa akilisha kondoo mahali hapo. Theluji ikaanguka kabla ya wakati wake, ikaziba njia. Akawajengea kondoo zizi katika msitu wa miti hiyo, akawaachia majani makavu, akashuka kwao kwa huzuni, akijua wamekwisha. Theluji ilipoyeyuka akarudi, na tazama, kondoo wazima, tena na wana-kondoo! Kwa shukrani akajenga kanisa mahali hapo. Hiyo ni hadithi ya wazee. Lakini kanisa liitwalo la Struk lipo kweli. Hili la sasa lilijengwa mwaka wa 1824, lote kwa mbao, umbo lake la msalaba, na kando yake upo mnara wa kengele. Mwaka wa 2013 shirika la UNESCO liliandika kanisa hilo pamoja na makanisa mengine ya mbao ya Ukraine na Polandi, jumla 16, kuwa urithi wa ulimwengu.

Sasa tuje kwenye habari ya nchi. Tuseme mtoto mmoja alizaliwa Yasinia mwaka wa 1910. Tumfuate.

Alipozaliwa, mji ulikuwa wa ufalme wa Hungaria, chini ya Kaisari wa Austria. Wahungari waliuita Kőrösmező, na jina hilo pia lautaja mti ule ule. Vita Kuu ya kwanza ikavunja dola hiyo mwaka wa 1918. Wahutsuli wakachagua baraza lao, na usiku wa tarehe 7 kuamkia 8 Januari 1919 wakawanyang'anya silaha askari wa Hungaria na kujitangazia jamhuri. Kiongozi wao, Stepan Klochurak, alikuwa hajatimiza hata miaka 24. Jamhuri hiyo ya wachungaji na wakata miti iliishi miezi mitano tu. Mnamo Juni askari wa Rumania wakaingia, wakaifuta.

Mtoto wetu ana miaka tisa, naye amekwisha kuona tawala tatu. Katika mikataba ya mwaka 1919 na 1920 wakubwa wa dunia wakaitoa nchi yote ya ng'ambo ya Karpati kwa taifa jipya la Chekoslovakia. Ndiyo ya nne. Humo akakua, akaoa. Mwezi Machi 1939 Chekoslovakia ikavunjwa na Hitler. Tarehe 15 watu wa Zakarpattia walijitangazia uhuru katika mji wa Khust, wakamchagua Padre Avgustyn Voloshyn kuwa rais. Uhuru huo haukumaliza hata juma moja, kwa maana majeshi ya Hungaria yaliingia na kuitwaa nchi. Mwaka wa 1944 likaja jeshi la Kisovieti, na mwaka wa 1945 nchi ikatiwa rasmi katika Muungano wa Kisovieti. Padre Voloshyn alikamatwa, akafa gerezani Moscow mwaka ule ule. Klochurak naye akapelekwa kambini. Na kama mtoto wetu alijaliwa uzee, basi mwaka wa 1991, akiwa na miaka 81, aliamka raia wa Ukraine huru. Hesabuni wenyewe: tawala nane, na mzee hajahama nyumba aliyozaliwa!

Msomaji huenda akacheka. Mimi nami nilicheka nilipoyasoma mara ya kwanza. Lakini sikilizeni jambo lililotokea hapo mwaka wa 1941, na kicheko kitaisha.

Katika Yasinia na milima ile waliishi Wayahudi wengi, mafundi, wafanya biashara na wakata miti. Serikali ya Hungaria iliamuru kwamba kila Myahudi aonyeshe hati ya kuthibitisha uraia wake. Lakini hati gani? Nchi ilikuwa imebadilishwa mara ngapi! Wengine jamaa zao walikuwa wamekaa humo vizazi na vizazi, ila hawakuwa na karatasi iliyotakiwa, na hata wengine waliokuwa nayo hawakusikilizwa. Katika Julai na Agosti, Wayahudi yapata 18,000 kutoka pande mbalimbali walikusanywa kwa treni hapo Kőrösmező, ndiyo Yasinia yetu. Kutoka hapo walipakiwa katika malori, wakavushwa mlima, wakatupwa katika nchi iliyoshikwa na Wajerumani. Tarehe 26 hadi 28 Agosti, karibu na mji wa Kamianets-Podilskyi, askari wa Hitler waliwapiga risasi Wayahudi 23,600, wanaume, wanawake na watoto. Wengi wao walikuwa wale waliopitia Yasinia. Na mwaka wa 1944 Wayahudi waliobaki katika Zakarpattia walipelekwa Auschwitz.

Tazameni jinsi karatasi inavyoweza kumwua mtu. Na karatasi haijiandiki yenyewe. Karani huiandika, karani mwingine huidai, wa tatu hupiga mhuri.

Taabu ya wenyeji haikuishia hapo. Wengi wao walikuwa Wakatoliki wa ibada ya Mashariki, ambao mababa zao waliungana na Roma huko Uzhhorod mwaka wa 1646. Serikali ya Kisovieti ilitaka waachane na Baba Mtakatifu. Askofu wao wa Mukachevo, Theodore Romzha, alikataa. Tarehe 27 Oktoba 1947 gari lake la farasi liligongwa na lori kwa makusudi. Hakufa. Akalazwa hospitalini, na tarehe 1 Novemba akauawa humo kwa sumu, akiwa na miaka 36. Mwaka wa 1949 Kanisa lao lilifutwa kwa amri, na mapadre waliokataa kutii wakapelekwa makambini. Kwa muda wa miaka 40 waamini walisali kwa siri. Lakini lile lililofutwa katika daftari za serikali halikufutika mioyoni, na kuanzia mwaka wa 1989 wakatoka tena mchana. Tarehe 27 Juni 2001, katika mji wa Lviv, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Askofu Romzha kuwa Mwenye Heri.

Siku hizi wageni huenda Yasinia kutazama kanisa la Struk, na wakati wa baridi huteleza juu ya theluji mlimani Drahobrat. Vita vilivyoanza tarehe 24 Februari 2022 viliwaleta katika mkoa ule watu wengi waliokimbia makwao mashariki. Kwa hiyo habari za mipaka na wakimbizi si za vitabu tu kwa watu wa bonde lile.

Nasi tujifunze nini? Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Ni kweli, lakini nyasi za Yasinia zimeota tena kila mara, na kondoo wangali wakipanda malishoni. Nami nimejifunza la kwangu. Akija mama na mtoto wake asiye na cheti, au mgeni ambaye jina lake halimo kitabuni, nisimwambie upesi, "Wewe huandikiki." Mtu alikuwapo kabla ya karatasi. Kitabu kimewekwa kwa ajili yake, naye hakuumbwa kwa ajili ya kitabu. Nanyi wazazi, watoto wenu waandikisheni mapema, majina yao sawasawa, na vyeti mvitunze pakavu, mbali na mchwa. Maana hakuna ajuaye ni lini ataulizwa.

Kwa leo tuishie hapa. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutakwenda pande nyingine.