Zinki ya Buku, Roho ya Mtoto

Makamanda, kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa akrodematitisi enteropathika. Utumbo wa mtoto haunyonyi zinki ya kutosha. Mara nyingi huanza akiachishwa ziwa: vidonda kuzunguka mdomo, makalioni, vidoleni, nywele zinanyonyoka, anaharisha. Mtaani watasema karogwa. Bila tiba anaweza kufa. Na tiba yenyewe? Zinki kila siku, maisha yote. Ndiyo, zinki ileile ya watoto wanaoharisha!

Sasa sikia. Sera inasamehe gharama kwa walio chini ya miaka 5. Akifikisha 5 msamaha kwisha, utumbo uko vilevile. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, inambana mzazi ampatie matibabu. Sawa. Serikali je, inabanwa na nani?