Shamba la Nabothi liko Lamu



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, nilisimama mlangoni kuwasalimu watu kama ilivyo desturi. Katika mahubiri nilikuwa nimewaombea wavuvi wa Lamu na wote wanaoutetea urithi wa mji ule. Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alinishika mkono akaninong'oneza: "Padre, wale usiwaombee hadharani. Wanapinga maendeleo. Na wanaopinga maendeleo kule, wanajulikana ni nani." Sikumjibu pale pale. Ninamjibu leo, kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Wanajulikana ni nani. Maneno matatu tu, na mtu amekwisha kuhukumiwa.

Mji wa Kale wa Lamu, unaokaliwa na watu mfululizo kwa zaidi ya miaka 700, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Majumba yake ni ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na mikoko hiyo ndiyo mazalia ya samaki wanaowalisha wenyeji. Ulipozinduliwa mradi wa LAPSSET mwaka 2012, na baadaye ukaja mpango wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, wenyeji waliuliza maswali ambayo mwenye nyumba yeyote angeyauliza. Mvuvi wa mashua ndogo atavua wapi bahari ikichimbwa? Moshi utazifanyaje kuta zile? Mbona hatukuulizwa?

Walijibiwaje? Mwezi Desemba 2018 shirika la Human Rights Watch na muungano wa kitaifa wa watetezi wa haki za binadamu walitoa taarifa iliyoeleza masaibu ya wanaharakati wasiopungua 35 wa Lamu. Mikutano ilizuiwa, watu wakatishwa na kukamatwa, na wengine wakahusishwa na Al-Shabaab. Yaani ukiuliza habari za mikoko, unaitwa gaidi!

Tena maswali yenyewe hayakuwa ya kipuuzi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba katika ujenzi wa bandari haki za wenyeji zilikiukwa, ikiwemo haki ya utamaduni wao, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira lilibatilisha leseni ya kituo cha makaa ya mawe kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Majaji waliyasema yale yale waliyoyasema wavuvi. Je, nao wanajulikana ni nani?

Someni sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Katika Kipindi cha Kawaida, juma la 11 la Mwaka wa Pili, husomwa siku za katikati ya juma, ndiyo maana wengi wetu hatuisikii. Nabothi hakumtukana mfalme. Alikataa tu kutoa urithi wa baba zake, ingawa aliahidiwa shamba bora zaidi au fedha. Yezebeli hakubishana naye juu ya shamba, maana katika hoja hiyo angeshindwa. Alitafuta mashahidi wawili wa uongo waseme kwamba Nabothi amemlaani Mungu na mfalme. Wazee wa mji, majirani zake Nabothi, wakatii. Mimi huwa nawafikiria zaidi wazee hao kuliko Yezebeli mwenyewe. Walimjua Nabothi tangu utoto.

Najua jeraha linalomfanya mzee wangu aseme hivyo. Mwezi Juni 2014, Mpeketoni na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 60 waliuawa kikatili, na wengi wao walikuwa Wakristo. Tuliwalilia, na bado tunawaombea. Lakini damu yao haitupi ruhusa ya kumbandika jina la wauaji wao kila Mwislamu anayeitetea bahari yake. Ni kuwadhalilisha marehemu kuwageuza rungu la kumnyamazishia mvuvi.

Wala mimi si adui wa bandari. Vijana wetu wanahitaji kazi, na gati la kwanza, lililofunguliwa Mei 2021, si dhambi. Ninachokipinga ni desturi hii ya kumjibu mwenye hoja kwa kumchafulia jina. Katekisimu, tunapofundishwa amri ya nane, huiita kusingizia, na husema wazi kwamba aliyeharibu jina la mwenzake anawajibika kufanya malipizi, hata baada ya kusamehewa. Wangapi kati yetu tumeungama neno tulilolisema juu ya watu wa Lamu tukiwa kwenye matatu au kwenye mkutano wa jumuiya? Na Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliuweka urithi wa utamaduni kando ya urithi wa maumbile: vyote viwili vimo hatarini.

Nami nina deni. Nilizisoma habari za watu hawa kwa miaka kadhaa kabla sijawataja altareni hata mara moja. Niliogopa kunong'onezwa mlangoni.

Mzee wangu, Alhamisi baada ya jumuiya nitapita kwako. Nitakuja na ile hukumu ya 2018, tuisome pamoja. Chai ya rangi itatosha.