Injini Ikichoka: Tuitengeneze au Tuibadili?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe rai yangu juu ya jambo linalowasumbua wanachama wenye magari, hasa msimu wa karafuu ukikaribia. Injini ikianza kula oili na kutoa moshi wa buluu, hubishana watu: itengenezwe, au inunuliwe nyingine?

Mwaka jana nilikwenda kumtazama shemeji yangu huko Kibaoni, Mkoa wa Katavi. Ana gari la kuchukulia mpunga mpaka Mpanda, kwa njia inayopita katika mbuga ya Katavi, penye tembo na viboko; likiharibika humo, huwezi kushuka ukatafuta fundi kwa miguu. Injini ilichemka ikafa. Kwa haraka akanunua iliyotumika, akaifunga. Haikutimiza miezi mitatu, nayo ikachemka ikafa. Fundi mmoja mzee alipofungua aliona rejeta imeziba kwa kutu. Injini mbili zimekufa kwa ugonjwa mmoja, na fedha za mavuno zimekwenda.

Basi rai yangu ni hii: kabla ya kuuliza bei, tuulize kilichoiua. Mkarafuu ukikauka, mkulima mwenye akili hapandi mche pale pale asijue kilichoukausha.

Watu wa Ziwa Tanganyika wana meli ya Liemba, nayo ni somo kwetu. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916 waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaona mitambo ingali mizima, wakaitengeneza. Mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Katika miaka ya 1970 mitambo hiyo ya mvuke ikatolewa, ikafungwa ya dizeli, na bodi likabaki lile lile. Kila jambo lilikuwa na wakati wake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, injini ifunguliwe na ipimwe. Silinda zikiwa hazijalika sana, ringi na beringi mpya zatosha. Bloki ikiwa imepasuka, au silinda zimechongwa mpaka hazichongeki tena, usitupe fedha, badili. Lakini itazame chesisi kwanza. Ikiwa imeliwa na kutu ya hewa yetu ya bahari, injini mpya ni kanzu ya Idi kwa mtu asiyeweza kusimama. Na ukinunua iliyotumika, iwashwe na ipimwe mbele yako kabla hujalipa, kisha nambari yake iandikishwe katika kadi ya gari.

Nashauri kila mwenye gari afanye haya miezi miwili kabla ya kuchuma. Karafuu mbichi zikirundikwa hupata joto zikaharibika, wala hazingoji fundi.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Pemba