Miaka 38, wimbo mmoja

Muulize kijana wa Ibanda au Kadutu, hapa Bukavu, muziki wa kielektroniki ulianzia wapi, atakutajia Ulaya. Aliyesomasoma ataongeza jina la Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf walioanza mwaka 1970. Sifa zao ni halali. Ila miaka minne kabla yao, mwaka 1966, dereva wa lori mjini Kinshasa aliyeitwa Mawangu Mingiedi alianzisha kundi ambalo leo linajulikana duniani kwa likembe zake za umeme: Konono Nº1. Huyo hatajwi, na ni Mkongomani mwenzetu.

Mzee Mingiedi alikuwa Mzombo, wa jamii inayoishi pande zote mbili za mpaka wa Congo na Angola. Muziki wa kwao ulipigwa kwa pembe za ndovu, wakati wa sherehe na wakati wa vilio vya watu wakubwa. Yeye aliuhamishia kwenye likembe, ala ndogo ya mkononi yenye ndimi za chuma. Kijijini likembe inasikika vizuri, lakini Kinshasa ina magari, baa na majirani wenye redio. Ikabidi apate nguvu zaidi.

Fundi yeyote wa magari wa Bukavu angeielewa kazi aliyoifanya. Alitoa sumaku kwenye alteneta za magari mabovu, akazungushia waya wa shaba na kuzifunga ndani ya likembe. Kidole kikigusa ulimi wa chuma, mtikisiko wake mbele ya sumaku unazaa mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo unakwenda kwenye amplifaya. Kutoka hapo sauti inatokea kwenye vile vipaza sauti vya mdomo wa tarumbeta ambavyo wakubwa wa Kibelgiji walivitumia kuhutubia watu. Wakongomani waliviita «lance-voix». Likembe zilikuwa tatu, ya besi, ya kati na ya juu, na vyuma vya magari viligeuzwa kuwa ngoma.

Sauti inakwaruza. Waandishi wa Ulaya walipoisikia walisema ni bahati tu, kwamba mzee wa watu alitaka kupaza likembe tu na mikwaruzo ikajileta yenyewe. Hoja hiyo haina mashiko. Mikwaruzo ingekuwa ajali, kundi lingeiacha siku lilipofika kwenye majukwaa ya Brussels yenye mitambo ya bei mbaya. Lilibaki nayo, na hata vile vipaza sauti vya mdomo mpana lilisafiri navyo. Hayo ni maamuzi ya mwanamuziki.

Sasa tazama orodha ya kazi zao, maana hapo ndipo penye jambo la kusikitisha. Kutoka 1966 hadi 2004 ni miaka 38, na katika miaka hiyo yote dunia ilipata kutoka kwao wimbo mmoja. Mfaransa Bernard Treton aliurekodi Kinshasa mwaka 1978, nao ukatolewa katika miaka ya 1980 na lebo ya Ocora ya Ufaransa, kwenye mkusanyo wa muziki wa mitaa ya Kinshasa. Jina lake ni «Mungua-Muanga», na unapita dakika 25. Kabla yake hakuna kitu, na baada yake kimya kirefu.

Ukimya huo haukuwa wa Konono. Wao walikuwa wakipiga kwenye harusi, kwenye matanga, barabarani. Waliokuwa kimya ni wenye studio na wenye redio. Rumba ilikuwa na Franco, na Tabu Ley, na santuri zilizouzwa hadi Nairobi na Dar es Salaam. Muziki wa tradi-moderne, kama huo wa Konono, ulionekana ni wa kuwatuliza wazee wa kijiji waliohamia mjini. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, na nchi nzima ilishangilia kwa haki. Kwa Konono hakuna aliyepiga hata honi.

Aliyewatafuta alitoka nje. Vincent Kenis, Mbelgiji, alisikia ile rekodi redioni, akaenda Kinshasa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwakosa, kisha akawapata miaka mingi baadaye na kuwarekodi kwa kompyuta ya mkononi. Zao lake ni «Congotronics», iliyotolewa na Crammed Discs ya Brussels mwaka 2004. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mwimbaji Björk aliwaita kwenye albamu yake «Volta» ya mwaka 2007. Mwaka huohuo ilitoka «Live at Couleur Café», ikateuliwa kugombea tuzo ya Grammy. Mpiga piano Herbie Hancock naye akawashirikisha mwaka 2010.

Wasikilizaji wengi huanzia «Congotronics», na wengi huishia hapohapo. Ni njia fupi inayomnyima mtu utamu. Ni bora kuanza na ile rekodi ya 1978, maana ndiyo pekee inayoonyesha kundi lilivyokuwa kabla dunia haijajua kwamba lipo. Ndipo ifuate «Lubuaku», iliyotolewa Uholanzi na lebo ya Terp, ambamo wanapiga jukwaani bila adabu za studio. Sauti ya Mama Pauline Mbuka Nsiala inastahili kusikilizwa peke yake, na wahakiki wengi, kwa kuduwazwa na vyuma, humsahau.

Halafu kuna «Assume Crash Position» ya mwaka 2010. Mwishoni mwake umo wimbo ambao Mzee Mingiedi yuko peke yake na likembe yake, bila ngoma. Anayedhani Konono ni kelele tu aanzie wimbo huo. Mzee alifariki Aprili 2015 akiwa na miaka 85, na mwanawe Augustin akashika usukani. Mwaka 2016 ikatoka albamu na Batida, mtayarishaji wa muziki mwenye asili ya Angola aishiye Lisbon, na hivyo pande mbili za mpaka wa Wazombo zikakutana Ureno. Augustin naye alifariki Oktoba 2017.

Haya yanaihusu Bukavu moja kwa moja. Likembe ilisafiri na vibarua na wapagazi wa enzi ya ukoloni kutoka Congo ya chini hadi huku mashariki na kuvuka kuingia Uganda. Mwaka 1951 na 1952 Mmarekani Alan Merriam na mkewe Barbara walipita nchi hii wakirekodi, Bushi, eneo letu hili la Bukavu, ikiwemo. Tena mgeni. Mji wenye redio za jamii kama Radio Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1993, na wenye vijana wanaotengeneza midundo kwenye simu, hauna sababu ya kumsubiri Treton wa pili aje kurekodi wapigaji wa vijiji jirani vya Walungu na Kabare.

Kazi ya kwanza haihitaji fedha wala mfadhili. Redio moja ya Bukavu ichague Jumapili mchana, saa ambayo umeme wa SNEL huwa na huruma kidogo, iuchezeshe «Mungua-Muanga» wote bila kuukata katikati. Matangazo ya sabuni yanaweza kungoja nusu saa.